Lenzi za siku moja au za mwezi: mteja ashauriwe vipi?

Swali hili la lenzi za kuvaa jichoni halikosi kwenye maduka ya dawa ya Lamu. Kwa bei, anayevaa lenzi kila siku hupata nafuu kwa zile za mwezi, ingawa wengi husahau kuhesabu dawa ya kuoshea. Anayevaa harusini na sikukuu tu, hesabu humgeukia, kwani za mwezi zikishafunguliwa muda wake hukimbia hata zikilala kibwetani, kijisanduku chake cha kuhifadhia.

Kwenye utunzaji ndipo penye kazi. Za mwezi zataka mikono iliyooshwa na kukaushwa, kusuguliwa taratibu kiganjani, dawa mpya kila usiku bila kuongezea ya jana, na kibweta kipya angalau kila miezi 3. Mfamasia amuulize mteja husuuza kwa kitu gani. Akijibu "maji ya mfereji", asimwache aende hivyo hivyo. Maji ya mfereji au kisima huweza kubeba kijidudu kiitwacho amiba wa Acanthamoeba, anayeshambulia konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, hadi kupofusha. Za siku moja hazina mlolongo huo, ila hazirudiwi kesho, wala hazilaliwi.

Baharia anayerushiwa maji ya chumvi mchana kutwa? Ningemwelekeza za siku moja, au miwani tu. Mwalimu mwenye nidhamu, za mwezi zamtosha, mradi awe na chupa ya akiba ya dawa ya kuoshea, mzigo ukichelewa kuvuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au kukimbia mwanga, lenzi ya aina yoyote ivuliwe. Hapo mfamasia asiuze matone. Ampeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.