Peponi kwa Kiswahili: nimeisoma, na mwanangu naye kaisoma

Tangu Abdulrazak Gurnah apate Nobel ya fasihi mwaka 2021 nilikuwa naitamani riwaya yake Peponi (kwa Kiingereza Paradise), ila riwaya nzima ya Kiingereza hunichosha. Mwaka uliofuata wachapishaji Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nikaagiza. Kifurushi kilifika Dodoma kwa basi, jalada limekunjika kona, na muuzaji hakujibu meseji hata moja. Tuyaache hayo.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli kwenye kamji ka reli, biashara imedoda, na deni la tajiri Aziz limemwelemea. Mtoto anapandishwa treni kama anayekwenda kutembea na ndugu. Kufika pwani, Khalil wa dukani ndiye anayempasulia: huyu Aziz si ndugu yako, umewekwa rehani. Tena anamwambia kwa utani, na ndiyo maana inauma.

Shuleni misafara tuliikariri tu: pembe za ndovu, vitambaa, Tabora, Ujiji, mtihani ukaisha. Hapa unatembea nayo, kwenye msafara wa Aziz. Wapiga ngoma na baragumu mbele, wapagazi nyuma, kila mtawala njiani anataka hongo yake, wagonjwa wanaongezeka, na mnyapara Mohamed Abdalla hana huruma na mtu. Wadachi, yaani Wajerumani, mwanzoni ni uvumi tu, eti wanakula chuma. Kisha wanatokea. Yaliyowakuta kwa mtawala Chatu sisemi, someni wenyewe.

Katikati mwendo unapoa. Yusuf anaachwa bara kwa Hamid, mfanyabiashara, na wazee wanabishana weee. Mwanangu, yuko kidato cha tatu, aliziruka kurasa kadhaa hapo. Mimi ndipo nilipocheka zaidi, maana yumo Kalasinga, fundi makanika, aliyejipa kazi ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na Kiarabu hajui!

Kijana alinibana maswali: mtu anawezaje kumtoa mwanawe kulipia deni, na mbona Yusuf hatoroki? Kitabu chake cha historia kina tarehe zote za ukoloni, lakini hakijawahi kumfanya aulize hivyo.

Kwa watu wazima naipa nyota tano bila kusita. Kwa vijana, nne, na isiwe kwa wa shule ya msingi: kuna wanaume wanaommezea mate Yusuf, na mwandishi hafichi. Mzazi atangulie kusoma.