Fundi saa wa Lindi mjini: nilimpelekea helmeti "ya Mjerumani" ya mjomba

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya simu, nitafika huko.

Kwa msiomjua, upande wa sokoni Lindi mjini kuna mzee fundi saa, kibanda hakina jina ila kina kibao cha chaki HATUNUNUI RUPIA HATUNUNUI ZEBAKI, hapo ndo penyewe. Saa siku hizi hazina wateja kivile, kwa hiyo mzee anaangalia vitu vya zamani, sarafu, karabai, redio za mbao, unampa elfu kumi anakwambia ulichoshika ni nini. Hanunui na hauzi. Mimi hilo ndo lilinivuta, maana huku kusini ukitaja tu Mjerumani watu wanapagawa, kila mbuyu una hazina chini, na anayekuthaminishia kitu mara nyingi ndo huyo huyo anayetaka kukichukua.

Helmeti ni ya mjomba wangu anayekaa Nyangao. Kijani iliyokolea, umbo ni lile lile la kwenye picha za vita, imeshuka masikioni na kisogoni. Kuna dalali alishamwambia ni ya vita ya Mahiwa, na Mahiwa ni hapo hapo jirani, Oktoba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, na jeshi la Waingereza walichapana watu wakaisha kweli kweli, kwa hiyo stori inaingia akilini kabisa. Ila dalali anataka mjomba atoe kwanza hela ya "kuisajili" ndo mnunuzi wa Ulaya aje. Mjomba akanambia mpwa wangu hebu ipeleke mjini.

Nikamwamkia mzee, shikamoo, marahaba mwanangu, akaipokea helmeti na wala hakuanza kuikagua kwa nje. Aliipima mkononi kwanza, akacheka kidogo. Akafungua droo akatoa sumaku ya spika akaigusisha. Haikushika. Akajaribu ubavuni, juu, nyuma, wapi, kama sufuria ya ubwabwa. Akasema hii ni aluminiamu mwanangu, helmeti ya vita ya Mjerumani ni chuma na inazidi kilo, sumaku inang'ang'ania.

Mwingine angenirudishia nikaondoka na huzuni yangu, huyu akaanza somo. Akasema hata ingekuwa chuma bado angeuliza maswali, maana helmeti za chuma Wajerumani walianza kuwagawia askari wao mwaka 1916 kule Verdun Ufaransa, na huku bahari ilishafungwa na manowari za Waingereza. Meli ya mwisho kupenya ni Marie, iliingia hapo Sudi Machi 1916, ikashusha mizinga na risasi na nguo. Baada ya hapo walijaribu ndege ya puto, ile L59, ikatoka Bulgaria Novemba 1917 ikafika anga ya Sudan ikageuza. Sasa helmeti ya Mahiwa ingepitia wapi? Askari wetu waliovaa nguo za Mjerumani, kichwani walikuwa na tarbushi ya kaki yenye kitambaa cha kufunika shingo, na wazungu wao kofia za jua za gome la kork. Anayo moja rafuni ya kork, imeliwa nusu, nikamuuliza hii ni ya Mjerumani? Akasema beji haipo na Waingereza nao walivaa za hivyo, kwa hiyo hawezi kuapa. Hapo ndo nikamwamini jumla.

Halafu akanionyesha picha kwenye simu yake iliyopasuka kioo. Ile ya 1916 ina pembe mbili fupi ubavuni, hewa inapita humo na ndo pa kutundikia bamba zito la kukinga paji la uso, bamba lilitengenezwa saizi moja wakati helmeti zina saizi nyingi, ndo maana helmeti ndogo zina pembe ndefu zaidi. Ya 1935 haina pembe, tundu la hewa limewekewa kipete chake peke yake. Ya 1940 kipete kimefinyangwa kwenye bati lenyewe, ya 1942 ukingo haujakunjwa, walishabanwa na vita wanatengeneza haraka haraka. Ndani upande wa kushoto tafuta herufi na namba, mfano ET64 au Q66, ET ni kiwanda cha Thale, Q ni Quist wa Esslingen, namba ni saizi. Ukikuta kishikizo kimepigwa ribiti kwa nyuma hiyo itakuwa ya Hungaria, kikiwa mbele ni ya Hispania, na zote hizo watu wanauziwa kama za Mjerumani.

Yetu sasa. Akavaa lenzi jichoni, akaomba ruhusa akakwangua rangi ndani mahali padogo kama punje, chini ya kijani kuna nyeusi. Vitundu vya hewa ni vidogo vidogo vimekaa duara. Nyuma kuna vishikizo vya kuning'iniza ngozi ya shingo, ya kuzuia makaa na maji ya moto. Na chini ya uchafu wa miaka kukatokea DIN 14940, nikagugo palepale, ni namba ya kiwango cha Ujerumani cha helmeti za zimamoto. Kwa hiyo ni ya Mjerumani kweli jamani! Mjerumani wa zimamoto, tena wa baada ya vita zote mbili. Nilicheka mpaka mteja wa jirani akachungulia.

Bei hataji, kwake hiyo ni kazi ya mnunuzi, na kwenye karatasi haandiki kitu, kama unataka cheti cha kumwonyesha mtu utaondoka mikono mitupu. Anachosisitiza ni kwamba mwenye helmeti halisi asiipige msasa wala rangi mpya, maana rangi ya zamani na ngozi ya ndani na mkanda ndo vyenye hela, afute kwa kitambaa kikavu aiweke mbali na unyevu wa hapa pwani. Na mzungu akitaka kusafiri na kitu cha kale, waulizwe kwanza watu wa Mambo ya Kale, kuna sheria tangu 1964.

Dalali nilimpigia nikamwambia habari ya sumaku, akasema sumaku za Lindi hazifai. Mjomba hela yake hajaitoa.

Sasa simu. Mzee hapokei. Ameandika namba mlangoni, unapiga inaita mpaka inakata, ukifika unaikuta iko mezani mbele yake. Kibanda anafungua baada ya alasiri, Ijumaa hayupo, na msimu wa korosho anapotelea shamba, kwa hiyo anayetoka mbali kama Masasi amtume mtu wa mjini achungulie kwanza.