Madaraka Express daraja la kawaida: nauli ni nafuu, pesa huliwa nje ya stesheni

Tangu Januari 2024, kiti cha daraja la kawaida kwenye Madaraka Express, treni ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa, ni shilingi 1,500. Zamani kilikuwa 1,000, ndiyo maana manung'uniko hayajaisha. Lakini kwa safari ya karibu kilomita 470 inayochukua saa tano hadi sita, bei hiyo bado inavumilika, tena haipandi Desemba. Mabasi hupandisha nauli kadiri abiria wanavyojazana. Treni hubaki palepale, ila tiketi zake huisha mapema. Daraja la kwanza ni 4,500, na kwa msafiri anayehesabu sarafu halina haja ya kujadiliwa.

Ubaya wa huduma hii hauko ndani ya behewa. Uko Syokimau, iliko stesheni ya Nairobi, na Miritini, iliko ya Mombasa. Stesheni zote mbili zimejengwa mbali na mji, na mtu akikodi teksi kutoka katikati ya Nairobi, kisha nyingine ya kumfikisha kisiwa cha Mombasa, atakuta ametumia pesa nyingi kuliko tiketi yenyewe. Basi humshusha Mwembe Tayari, mjini Mombasa, hatua chache kutoka kwenye gesti za bei ya chini. Ukitaka treni ilishinde basi kwa bei, lazima uibane hiyo mikia miwili ya safari.

Upande wa Nairobi, njia rahisi ni treni ya abiria inayotoka stesheni kuu ya Railways na kwenda moja kwa moja hadi stesheni ya SGR, yaani reli mpya inayotumiwa na Madaraka. Ratiba yake imepangwa kufuata safari za Madaraka, kwa hivyo ulizia saa ya kuondoka siku moja kabla. Ikikuacha, hakuna nyingine ya karibu. Mbadala wake ni matatu za nambari 110 zinazopita Mombasa Road, ushuke upande wa Syokimau umalizie na bodaboda. Njia hii ina foleni, hasa jioni, kwa hivyo haifai kwa treni ya usiku kama umechelewa kutoka mjini.

Kukata tiketi: piga *639# au tumia tovuti ya Shirika la Reli, chagua safari, weka jina na nambari ya kitambulisho cha kila abiria, kisha lipa kwa M-Pesa. Ujumbe wa kuweka PIN ukichelewa, usikimbilie kulipa mara ya pili; angalia salio kwanza. Jina la kwenye tiketi linalinganishwa na kitambulisho mlangoni, kwa hivyo tiketi ya kuuziwa na mtu hapo nje ni pesa iliyotupwa.

Fika saa moja kabla, na kama ni msimu wa likizo ongeza nusu saa. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa anapita akinusa, halafu begi linapitishwa kwenye mashine. Visu, mitungi ya gesi na pombe vinazuiwa. Anayempelekea shangazi kisu kipya cha jikoni akitume kwa kampuni ya vifurushi. Chakula cha kufunga nyumbani hakina shida, na ndicho akiba kubwa zaidi ya ndani ya treni, kwa kuwa toroli ya soda, kahawa na vitafunio inauza ghali kuliko duka la mtaani.

Behewani, viti ni vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili, vikitazamana, na meza ndogo katikati. Mgongo wa kiti umesimama wima na haulali. Aliye kwenye kiti cha kati upande wa watatu ndiye anayeumia: hana dirisha, hana njia, na magoti yake yanagusana na ya jirani wa mbele. Kwa safari ya mchana hili si jambo kubwa. Ukitoka Nairobi, Kilimanjaro huwa upande wa kulia pakiwa hapana mawingu, na ndani ya Tsavo ndovu huonekana bila kulipa kiingilio cha mbuga.

Treni ya saa nne usiku ndiyo inayowadanganya wengi. Hesabu yao ni kwamba wataokoa pesa ya kulala. Ukweli ni kwamba kwenye kiti kisicholala hupati usingizi wa maana, kiyoyozi kinapuliza (beba leso nzito au sweta), na unafika Miritini kati ya saa tisa na saa kumi usiku, wakati matatu ni chache na wenye teksi wanajua huna la kufanya. Isipokuwa kuna mtu wa kukupokea, chukua ya saa tisa alasiri.

Ya saa mbili asubuhi haisifiwi inavyostahili. Inasimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na nauli inapungua kwa wanaoshuka njiani. Anayekwenda Kilifi ashuke Mariakani, apande matatu ya kupitia Kaloleni hadi Mavueni; anaukwepa msongamano wote wa kisiwani. Anayekwenda Moshi ashuke Voi, aelekee Taveta na mpaka wa Holili. Wa Loitokitok ashuke Emali.

Ukishuka Miritini, wapite wanaokuvuta mkono mlangoni, nenda zilipo matatu za mjini na uulize nauli kabla ya kupanda. Wanaoelekea Diani wakiwa watatu au wanne, ni afadhali wachange gari moja lipitie barabara ya Dongo Kundu, bila kuingia kisiwani wala kusubiri feri. Aliye peke yake aende hadi Likoni kwa matatu na avuke kwa miguu, maana feri haimtozi mtembea kwa miguu, kisha apande matatu ya Ukunda ng'ambo.

Tiketi ya kurudi ikate siku ileile unayokata ya kwenda, hasa kama unarudi Jumapili au mwisho wa likizo za shule.