Kupanda farasi Mufindi, jamani mwende

Wadau wa Iringa na Mbeya, kama wikiendi zenu ni nyama choma na kupiga picha Isimila tu, kuna shamba moja huko Mufindi linatembeza watu na farasi na ni pazuri mno. Kutoka Iringa mjini unapanda kosta mpaka Mafinga, kama kilomita 80 hivi lami tupu, halafu hapo unatafuta noah au bodaboda ya kukuingiza ndani mashambani.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni yule kijana anayeongoza msafara, yaani hana papara kabisa. Kila mtu anaulizwa kilo zake (dada mmoja alinuna lakini ni haki, mnyama naye ana mgongo), anaulizwa kama ashawahi kupanda, kama anaumwa kiuno. Halafu anawafundisha kumsogelea farasi kwa ubavuni, usimtokee nyuma maana huko nyuma kabisa hakuoni na akishtuka anarusha teke, unamsemesha, unamgusa shingo, unapandia kushoto. Sasa wangu alishafungwa tandiko vizuri, mimi niko tayari kupanda, kijana akamtembeza hatua chache akarudi kukaza tena ule mkanda wa tumboni. Nikamuuliza si umeshakaza? Akaniambia huyu mama ukimfunga anajaza upepo tumboni, akitembea kidogo anautoa na mkanda unalegea, usipokaza tena tandiko linazunguka na mtu anaenda chini. Mtu anayeangalia kitu kama hicho mimi namkabidhi hata mwanangu.

Njia yenyewe sasa! Mnaanza kandokando ya chai, mnaingia kwenye mipaini kuna ubaridi na harufu ile, mnashuka bondeni mnavuka kijito, mnapanda tena. Tulienda mvua zinaelekea kuisha kwa hiyo mianzi bado inagemwa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, unapita juu ya farasi mbeta (vile vyombo vya mwanzi vya kukingia) zinaning'inia karibu na goti lako unaona kabisa ulanzi unavyodondoka tone tone. Wachuma chai wanatupungia na kutusalimia Kihehe, kamwene, kamwene, na watoto wanakimbia pembeni mpaka kijana anawaomba wasogee. Ukungu ulitushukia tukiwa katikati, sikuona tena mbele, nasikia kwato tu na farasi anatafuna lijamu, kile chuma cha mdomoni, na yeye anajua njia wala hababaiki. Mwendo wa matiti, yaani farasi akikimbia polepole, tulijaribu kidogo kwenye barabara ya magari ya chai, inuka kaa, inuka kaa, kisigino chini, hilo la kisigino utaambiwa mpaka ulote. Kupiga shoti, yaani mbio zenyewe, wageni hawaruhusiwi na sikuona ubaya.

Nilikuwa najiuliza kwa nini farasi ni wachache hivi nchini. Kijana akanieleza huko chini porini ndorobo wanawaletea ugonjwa wa nagana, halafu kuna ugonjwa mwingine wa farasi unaobebwa na usubi, vile vidudu vidogo vya kuuma, unaua haraka sana, Mufindi iko juu na baridi ndio inawapunguza hao wadudu. Hata hivyo jioni giza halijaingia farasi wote wanaingizwa bandani, usubi wanauma zaidi usiku. Nilivyoona mabanda yao makavu na maji masafi nikaelewa hela yetu inaenda wapi.

Yasiyonifurahisha yapo. Bei ubaoni tulipoenda ilikuwa kwa dola, bei ya mkazi mpaka uulize, hii sio sawa, Mtanzania anasoma pale anageuza gari anarudi. Waandike shilingi, tena kwa herufi kubwa. Na zile kofia ngumu hazikutengenezwa kwa vichwa vyetu, mwenzangu na rasta zake ilikaa juu juu mpaka wakahangaika kumtafutia nyingine, na kofia isiyokaa haina kazi ukianguka. Kina dada sukeni twende kilioni kabla hamjaja.

Vaeni jinzi na viatu vya kufunga vyenye kakisigino, sendozi hapana, mguu unapenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, unanasa. Koti lazima, kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ya kule sio ya mchezo. Pigeni simu mapema, farasi sio wengi, mkija kundi kubwa wengine watasubiri zamu. Mvua ikiwa kubwa wanasogeza siku na hela yako haipotei, hilo niliuliza kabla sijalipa.