Kipanya cha gemu: lipia umbo na swichi, DPI iache

Kwenye boksi la kipanya cha gemu, namba iliyoandikwa kubwa kuliko zote huwa ni DPI: 12,000, 25,600, siku hizi hata 32,000. Ndiyo namba yenye faida ndogo zaidi kwa mnunuzi. DPI ni idadi ya hatua ambazo sensa, jicho la chini linalosoma mwendo, huzihesabu kipanya kikisogezwa inchi moja, yaani sentimita 2.54. Chukua Counter-Strike 2: ukiweka DPI 800 na unyeti (kipimo cha gemu cha kukuza mwendo wa kipanya) wa 1, kugeuka duara zima kunakutaka usogeze kipanya takriban sentimita 52. Unyeti ukibaki huohuo na DPI ikapandishwa hadi 32,000, duara zima linaisha kwa sentimita 1.3. Hakuna mkono unaoweza kulenga hivyo. Wachezaji wengi wa gemu za kufyatua risasi hukaa kati ya 400 na 1600, na huko sensa nzuri zilishafika zamani.

Sensa ya PMW3360 ya kampuni ya PixArt, iliyomo kwenye Glorious Model O ya kwanza, hufuata mwendo wa hadi inchi 250 kwa sekunde, zaidi ya mita sita. Anayeihitaji zaidi ya hapo ni nadra sana. Kwa hiyo swali la sensa ni moja tu: mtengenezaji ameitaja kwa jina? Boksi lenye taa za rangi na DPI kubwa lakini halisemi sensa ni ipi, liache dukani. Mara nyingi namba hiyo imekuzwa kwa programu, na mshale huruka ovyo mkono ukienda kasi.

Pesa yako iende kwenye umbo. Nyoosha mkono unaotumia, pima kutoka mstari wa mwanzo wa kiganja hadi ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 17 ni mkono mdogo, 17 hadi 19.5 ni wa kati, zaidi ya hapo ni mkubwa. Kisha jitazame unavyoshika ukiwa katikati ya mchezo, maana mtu akijua anatazamwa hubadilisha mkono. Wapo wanaolaza kiganja chote juu ya kipanya, wapo wanaokunja vidole huku nyuma ya kiganja ikigusa nundu, na wapo wanaotumia ncha za vidole tu, kiganja kikielea hewani.

Wa kulaza kiganja wenye mkono wa kati au mkubwa, sijaona umbo linalowafaa kuliko la Razer DeathAdder. Limekuwepo tangu 2006, na toleo la V3 lina urefu wa milimita 128 na nundu ya juu inayojaza kiganja. Limepinda kwa ajili ya mkono wa kulia peke yake. Familia ya Zowie EC imepinda kwa namna inayokaribiana na hiyo na huja kwa saizi tatu, EC1 ikiwa kubwa na EC3 ndogo. Haihitaji programu yoyote, DPI hubadilishwa kwa kitufe cha chini. Logitech G Pro X Superlight, milimita 125 kwa 63.5 na nundu ya 40, haijapinda upande wowote, na hapo wakunja vidole hupata nafasi. Mkono mdogo, au wa ncha za vidole, uanze na Logitech G203 ya kebo au G305 isiyo na kebo: zote zina urefu wa milimita 116.6 na umbo lilelile.

Ukikosea saizi, dalili huja upesi. Kipanya kikiwa kifupi mno, kidole kidogo hukosa pa kukaa na huburuzwa kwenye mkeka wa kipanya mpaka kinauma. Kikiwa kirefu mno, vidole havifiki mbele; unabofya katikati ya kitufe, karibu na bawaba, na kitufe kinakuwa kizito kila mara. Mtu hulaumu swichi iliyo chini ya kitufe, kumbe ni urefu.

Wanaotumia mkono wa kushoto wawe waangalifu na maneno "umbo la pande zote mbili". Vipanya vingi vya namna hiyo, G203 na Superlight vikiwemo, vina vitufe vya pembeni upande wa kushoto tu, ambako dole gumba la mkono huo halipo. Razer Viper ya 2019 ina vitufe pande zote, na Logitech G Pro Wireless ya 2018 ina vitufe vya sumaku vinavyohamishika. Chaguo si mengi zaidi ya hayo.

Uzito unategemea unacheza nini. Logitech G502 Hero ina gramu 121, na ukipachika vyuma vyake vitano vya gramu 3.6 kila kimoja inafika 139. Ina vitufe 11 na gurudumu linaloweza kuachiwa lizunguke bila kukwama. Kwa gemu za mikakati na za uigizaji ni kipanya kizuri mno, na mwenye kurasa ndefu za kazi atalipenda gurudumu hilo. Lakini anayecheza risasi kwa unyeti mdogo hukinyanyua kipanya kila baada ya sekunde chache ili akirudishe katikati, na baada ya saa moja kifundo cha mkono kinaihisi kila gramu. Kwake gramu 60 hadi 80 zinatosha. Superlight ina 63, DeathAdder V3 ya kebo ina 59. Kushuka chini ya 50 sioni kunaongeza nini, isipokuwa ganda kuwa jembamba na wakati mwingine kutoa mlio ukilibana. Gemu za mtandaoni ambazo mhusika ana mbinu nyingi, kila moja na kitufe chake, kama World of Warcraft, zina kipanya chao: Razer Naga, chenye vitufe 12 vya dole gumba. Kwingine kote vitakusumbua.

Sasa swichi, kwa sababu hapo ndipo vipanya hufia. Ugonjwa wenyewe ni huu: unabofya mara moja, kompyuta inapokea mara mbili. Au umeshikilia kitufe ili uburute kitu, nacho kinaachia njiani. Ndani ya swichi ya kawaida kuna bamba dogo la shaba linalogusana na ncha ya chuma. Kila linapogusa hudunda kidogo, na programu ya ndani ya kipanya hungoja milisekunde chache mtetemo upite kabla ya kuhesabu mbofyo. Mgusano ukichakaa au ukishika kutu, mdundo unarefuka kuliko muda huo wa kungoja, na kompyuta inaona mibofyo miwili. Ndiyo maana kipanya ambacho muda wa kungoja umepunguzwa ili kiitike haraka huonyesha ugonjwa mapema. Programu yake ikikuruhusu kuurudisha juu kwa milisekunde chache, dalili huondoka kwa muda, ila mgusano haujapona. Namba za mibofyo milioni 20, 50 au 80 hutoka maabara na hazisemi lolote kuhusu kudunda.

Swichi za mwanga hazina kasoro hii. Hapo kitufe huzuia au hufungulia mwale, hakuna chuma kinachogusana kupitisha umeme, kwa hiyo hakuna mdundo wa kungojwa. DeathAdder V3 inazo, na Superlight 2, toleo la pili la Superlight, ina za mseto zinazotumia mwanga lakini zimebaki na mlio wa swichi za zamani. Kwa anayetaka kipanya kidumu miaka, hii ni sababu nzuri zaidi ya kuongeza bei kuliko DPI yoyote. Njia nyingine ni vipanya vya Asus ROG kama Gladius, ambavyo swichi zake huchomolewa na kuchomekwa kwa mkono. Kwingine kubadilisha swichi ni kazi ya lehemu, na skrubu huwa zimefichwa chini ya miguu ya plastiki. Nunua miguu ya akiba kabla ya kufungua, kwani ya zamani ikibanduliwa hukunjamana na hairudi sawa.

Kuhusu kebo: vipanya vyenye kipokezi chake cha USB cha gigahezi 2.4 huripoti mara 1000 kwa sekunde, kila milisekunde moja, sawasawa na vya kebo. Bluetooth haifiki huko. Iache kwa kazi za ofisi. Kosa la kawaida kwenye kompyuta ya mezani ni kuchomeka kipokezi nyuma ya boksi la chuma, pembeni ya tundu la USB 3.0 lenye diski. USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo ya gigahezi 2.4, jambo ambalo Intel ililieleza mwaka 2012, na mshale huanza kukwamakwama. Tumia waya wa kurefusha, weka kipokezi juu ya meza sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kipanya. Ripoti 4000 au 8000 kwa sekunde hula betri na kuichosha prosesa. Wenye skrini ya hezi 60 hawatapata kitu. G305 hutumia betri moja ya AA na hufika gramu 99, lakini AA ya lithiamu hupunguza karibu gramu 8, zote kutoka nyuma, na mizani ya kipanya inakaa vizuri zaidi.

Kipanya kikifika, kijaribu siku za kurudisha mali zikiwa bado zipo. Kwenye Windows, kwanza zima chaguo la kuongeza usahihi wa kielekezi (Enhance pointer precision), kwani hubadilisha umbali wa mshale kulingana na kasi ya mkono. Fungua programu ya kuchora, chora mistari ya mshazari polepole: ikijinyoosha yenyewe, kuna usaidizi umewashwa kwenye sensa, uzime. Weka santuri ya CD, yenye unene wa milimita 1.2, chini ya ukingo wa mbele wa kipanya na nyingine chini ya ukingo wa nyuma, sensa ibaki katikati bila kuzibwa; mshale ukiendelea kutembea, sensa inasoma juu mno na utasumbuka kila unaponyanyua. Bofya kushoto mara mia polepole juu ya folda: ikifunguka yenyewe hata mara moja, kirudishe. Zungusha gurudumu hatua moja moja kwenye ukurasa mrefu, juu na chini, na ukiona ukurasa umerudi nyuma wakati wewe unakwenda mbele, kirudishe pia.