Kipimajoto kinacholia kabla hakijapima

Sina ugomvi na bei. Ugomvi wangu ni ule mlio. Hiki kipimajoto cha kijiti, chenye ncha ya chuma na kioo kidogo cha namba, ukikiweka kwapani kwa mtoto ambaye ukimgusa tu anaunguza, nusu dakika haijaisha kinalia pi-pi-pi: 36.6. Watu wanashukuru Mungu, mtoto anarudishwa kulala. Kiache palepale mpaka dakika 5 zitimie uone kinavyojikongoja hadi 37.9. Na kwapani, 37.5 tayari ni homa!

Siyo kibovu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kimeundwa hivyo. Ndani ya ncha kuna themista, kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika na joto. Kifaa hakihesabu dakika. Kinasubiri namba ipunguze kasi ya kupanda, kisha kinalia. Chini ya ulimi, mdomo ukiwa umefumbwa, joto hupanda upesi na kutulia. Kwapa lililokuwa wazi limepoa, linapata joto polepole, na kifaa kinadhani ule upole ndio mwisho. Maelezo yapo kwenye karatasi ya ndani ya boksi, kwa herufi za sisimizi.

Kile cha zebaki kilikuwa kimya, kwa hiyo mtu alilazimika kutazama saa. Sikitetei: kikivunjika ni balaa, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza. Ila hakikuwahi kumwambia mtu "tayari" kabla ya wakati.

Basi fanya hivi. Futa jasho kwa kitambaa bila kusugua. Bana kwapa dakika 5 kabla ya kupima. Ncha ikae katikati kabisa, iguse ngozi tupu pande zote, shati lisiingie. Mkono ubanwe kifuani. Kikilia, kipuuze, kiache dakika 5 zitimie. Ukiona "Lo" ukiwa ndiyo kwanza umekiwasha, usihangaike na betri. Ncha bado ni baridi tu.

Nilikuja hapa kukipa nyota moja. Lakini ukweli usemwe: kikingojewa, namba yake naiamini, na hata baada ya kulia kinaendelea kupanda, wakati vingine vinaganda hapohapo. Haya, nyota tatu. Mbili! Huo mlio umeshalaza watoto wengi na homa zao.