Lighthouse: nimeitumia kwa tovuti za wateja Mbeya, haya ndiyo maoni yangu

Natengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo hapa Mbeya: nyumba za wageni, maduka ya pembejeo, vikundi vya wakulima wa parachichi kule Rungwe. Watu wanaofungua tovuti hizo wengi wako kwenye Itel au Tecno ya bei ya chini, bando la kubana matumizi, na mtandao unaokuja na kuondoka kila ukipita kona ya mlima. Kwa kazi ya namna hiyo, Lighthouse nimeitegemea kuliko chombo kingine chochote cha kupimia tovuti. Ila alama zake, ambazo ndizo kila mtu anazitangaza, ndicho kitu ninachokiangalia mwisho.

Ni ya Google, ni bure, na imo tayari ndani ya Chrome ya kompyuta. Unabonyeza F12, unatafuta kichupo chenye jina lake, unachagua kipimo cha simu, unaianzisha. Inakurudishia alama kati ya 0 na 100 kwa mambo manne: kasi, urahisi wa kutumika na watu wenye ulemavu, utaratibu mzuri wa kiufundi, na maandalizi ya kuonekana kwenye utafutaji. Chini ya 50 ni nyekundu, 90 kwenda juu ni kijani, katikati ni rangi ya chungwa. Kijani hicho ndicho kimeleta vurugu. Siku hizi fundi akileta ofa anabandika picha ya alama nne za 100 zimejipanga, na mwenye duka anaona kazi imeisha.

Ninachokipenda ni jinsi inavyokunyang'anya raha ya kompyuta yako. Hata uwe ofisini mtaa wa Forest na faiba ya kutosha, ukichagua simu inakokotoa ukurasa ungefunguka vipi kwa spidi ya megabiti 1.6 kwa sekunde, na prosesa iliyopunguzwa nguvu mara 4. Hapo tovuti nyingi za kujisifia zinaumbuka.

Mfano ni tovuti ya kikundi kimoja cha parachichi, niliyoirithi kwa fundi mwingine. Ilikuwa ni themu (muonekano ulioandaliwa tayari) ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, yenye picha zinazojibadilisha zenyewe juu kabisa, zote zimepakiwa zilivyotoka kwenye kamera ya simu. Google inataka kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Hapa kilipita sekunde kumi. Ripoti ilizitaja picha hizo moja moja, kila moja na uzito wake. Nikabakiza moja tu, ya parachichi aina ya Hass zikiwa kwenye kreti, nikaipitisha Squoosh, programu ya kubana picha, iwe WebP, muundo mwepesi wa picha: kutoka megabaiti 4 hadi chini ya kilobaiti 200, na kwa macho huoni tofauti kwenye kioo cha simu.

Ikanionyesha pia kwa nini watu walikuwa wanalalamika kuwa "tovuti inaruka". Picha za miche hazikuandikiwa upana na urefu kwenye HTML (msimbo unaounda ukurasa), kwa hiyo kivinjari hakikujua kizitengee nafasi gani. Unakaribia kugusa "Agiza", picha inashuka, kidole kinaangukia "Kuhusu Sisi". Kuandika namba mbili kwa kila picha kulimaliza tatizo. Sehemu kubwa kuliko zote ya alama ya kasi, asilimia 30, inatokana na muda ambao JavaScript, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, inaishikilia simu isiitikie. Huko tuliitoa plagini ya kuchati ambayo hakuna mtu kikundini aliyewahi kumjibu mteja kupitia hiyo.

Sasa upande wa pili. Fomu ya kuagiza miche kwenye tovuti hiyo hiyo ilikuwa kijani kibichi. Kila kisanduku kilikuwa na lebo, maandishi yalisomeka, vitufe vilitosha kidole. Lakini kisanduku cha simu kilitaka namba ianze na +255. Mkulima wa Kiwira anaandika 07 kama alivyozoea tangu asajili laini. Fomu inakataa, ujumbe mwekundu wa Kiingereza unatokea juu ya ukurasa, mahali ambapo yeye keshapapita, naye anabonyeza kitufe tena na tena akidhani ni mtandao. Chini yake kuna kisanduku cha lazima cha msimbo wa posta, ambacho themu ilikuja nacho kutoka huko ilikotengenezwa. Nani Kiwira anaagiza miche kwa msimbo wa posta? Tukakifuta, tukaruhusu 07, 255 na +255 zote zipite, mfumo wenyewe uzipange, na ujumbe wa kosa tukauweka chini ya kisanduku husika kwa Kiswahili. Maagizo yalianza kuingia bila watu kupiga simu kwanza kuuliza. Alama haikusogea hata kidogo.

Jambo jingine linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili: chombo kinakagua kama ukurasa umetajwa lugha yake, na kama kifupisho cha lugha hiyo ni halali. Hakikagui kama ni kweli. Ukurasa wa Kiswahili ulioandikwa "en" badala ya "sw" unapita salama, halafu asiyeona anayetumia kisoma skrini anasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Jaribu kusikiliza uone. Lighthouse yenyewe inakiri kwenye ripoti kwamba ukaguzi wa mashine unagundua sehemu tu ya matatizo ya aina hii. Mwaka 2019 mtengenezaji wa wavuti Manuel Matuzović aliunda kwa makusudi ukurasa usiotumika kwa kipanya, kibodi wala kisoma skrini, na bado ukapata 100 kwa ufikivu, yaani ule urahisi wa kutumika na watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo mimi nikimaliza ripoti nachukua Itel, nawasha chaguo za msanidi programu (ile ya kugonga namba ya toleo mara 7), naichomeka kwa waya na kuifuatilia kwenye kompyuta kupitia chrome://inspect, ukurasa wa Chrome wa kukagua kinachofunguka kwenye simu. Kisha nampa mtu simu aagize kitu hadi mwisho, bila kumwelekeza. Mwenye biashara anaweza kufanya hivyo hata bila waya, kabla hajamlipa fundi.

Tahadhari za matumizi. Alama hupanda na kushuka kidogo kati ya kipimo na kipimo bila wewe kugusa chochote, na viongezo vya kivinjari huichafua, basi tumia dirisha fiche (Incognito). Pia kila ukipima, kashe (nakala za tovuti zilizohifadhiwa kwenye kivinjari) hufutwa na ukurasa hupakuliwa upya wote. Ukiwa kwenye hotspoti ya simu na tovuti ina uzito wa megabaiti kadhaa, bando linaondoka unaliona. Nikiwa nje ya ofisi natumia PageSpeed Insights, ambayo hufanya kipimo hicho hicho kwenye seva za Google. Kwangu inapakua ripoti tu. Juu yake kuna takwimu za watembeleaji halisi wa siku 28 zilizopita, lakini kwa tovuti yenye wageni wachache kama ya kikundi chetu sehemu hiyo iko tupu.